Unamtafutia kaka soba ya wanaume tupu? Anzia hapa

Kabla hujaanza kuulizia soba, yaani vituo vya kuacha pombe na dawa za kulevya, jua kwanza anatumia nini na kiasi gani, maana hapa ndo wengi tunakosea. Mtu anayekunywa kila siku toka asubuhi msimfungie chumbani eti aache ghafla. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili ukikosa ulichozoea, inaua. Kutetemeka kunaanza masaa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za mwanzo, af kuanzia siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa kabisa, anaona vitu ambavyo havipo, mwili unachemka, moyo unakimbia. Huyo apelekwe hospitali kwanza, soba baadae. Arosto ya unga (heroini) inatesa vibaya sana ila hatari yake kubwa iko mbele, nitafika huko.

Kwa nini wanaume peke yao? Kwa sababu kuna mambo hawezi kuyatamka mbele ya wanawake, kwamba alikuwa anampiga mkewe, kwamba alinajisiwa akiwa mdogo, kwamba kitandani hawezi tena. Hilo la kitandani ulizia kabisa kama kuna daktari wa kuongea nae, maana pombe na unga vyote vinashusha homoni ya kiume na mtu akiona bado hali haijakaa sawa anakata tamaa, anaona bora arudie tu, wakati kwa wengi inarudi taratibu wakishaacha.

Ukienda kukagua usidanganyike na geti zuri na vitanda. Mtafute aliyemaliza pale, muulize kwenye vikao walikuwa wanaongea nini. Akikwambia mpira na zamu za usafi basi endelea kutafuta, wanaume 20 waliokaa pamoja bila mtu wa kuwafungua mdomo hawajatibiwa kitu. Wakifunga watu minyororo au wakipiga, ondoka hapohapo. Na kwa wa unga, uliza wanazichukuliaje methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa unga, wakisema eti ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine jua hawajui kazi yao, hizo ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO toka 2005.

Kumwambia, muwahi akiwa hajalewa, aende mtu mmoja anayemheshimu. Sio ukoo mzima umzunguke sebuleni, hapo atatetea heshima yake tu na hatasikia neno.

Sasa ile hatari niliyosema. Akitoka soba mwili umeshasahau unga, kwahiyo akirudia kwa kipimo kilekile cha zamani anaweza kuacha kupumua, na wiki za mwanzo ndo mbaya zaidi. Omba nalokso, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, kabla hajarudi nyumbani, mfundishwe wote kuitumia. Ukimkuta haamki na pumzi inakata, mpe, ita msaada, mlaze ubavu akishaanza kupumua na usimwache peke yake hata akiamka akisema yuko poa, kwa sababu nalokso inaisha nguvu mapema na unga bado uko mwilini.