Kabla hujaenda kupiga picha kwenye shamba la mamba la Kaole, Bagamoyo

Chaji betri usiku, futa lenzi, beba memori kadi ya akiba. Kofia na maji ya kunywa pia, jua la Bagamoyo halina mchezo. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi ipate joto la nje taratibu, la sivyo lenzi itashika ukungu na mamba utamtazama kwa macho tu.

Wahi. Saa mbili asubuhi jua bado liko upande, kila gamba lina kivuli chake, na mamba wametoka majini kuota jua. Wengine hukaa midomo wazi kupunguza joto, na picha ndiyo hiyo. Ukifika saa sita utapiga gogo. Fleshi izime.

Wavu ndio unaowashinda wengi. Kama mhudumu ameruhusu na mnyama yuko mbali na uzio, sogeza lenzi karibu na tundu la wavu, vuta zumu, fungua tundu la lenzi hadi f/4 au namba ndogo zaidi; nyaya zitapotea zenyewe. Kwenye banda la kioo, vaa nguo nyeusi usije ukajipiga mwenyewe kwenye kioo.

Sasa faili, na hapa sina utani. Kuna kijana wa hapa mjini alimpata mamba aliyelala jicho wazi, mboni nyembamba ya wima inaonekana vizuri kabisa. Akaihariri kwenye simu: nyuma akaweka buluu ya michoro ya Tingatinga, kila gamba akalizungushia mstari mweusi. Kazi nzuri, sisemi uongo. Mgeni akaiagiza saizi ya A2 kwenye kanvasi, akatoa nusu ya malipo. Kumbe simu ilipojaa jamaa alishafuta kila kitu. Iliyobaki ni ile aliyomtumia rafiki yake WhatsApp, ikapunguzwa hadi pikseli 1,600 upande mrefu. Upande huo wa A2 ni sentimita 59.4, na kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 7,016. Picha kamili ya simu ya megapikseli 12 ina kama 4,000, ukutani, ukiitazama kwa mbali, ingepita. Hiyo yake ilitoka mistari imekuwa ngazi ngazi na jicho limekuwa viboksi vitupu. Mgeni akadai hela yake, na hela ilishalipa kodi ya chumba.

Kwa hiyo: picha ya asili inakiliwa sehemu mbili kabla hujaigusa. Hariri nakala. Tuma kama dokumenti, si kama picha. Buluu inayong'aa kwenye simu hupoa kwenye wino, basi chapisha kipande kidogo kwanza.

Ukichora juu ya picha, jino la nne la taya ya chini liache. Kwa mamba huonekana hata mdomo ukifungwa. Ukilifuta kwa kuwa linaharibu mstari, umetuletea aligeta wa Marekani, na wapo watu hapa watakaokucheka.

Muulize mwenye shamba kama unaruhusiwa kuuza picha. Tiketi ya kiingilio hailijibu swali hilo. Ukiendelea hadi Saadani, kumbuka ile ni Hifadhi ya Taifa, droni bila kibali usithubutu. Mkono usipitishe kwenye wavu. Mamba aliyetulia hajalala. Simu ikidondokea ndani, mwite mhudumu, usiifuate. Na mtoto usimkalishe juu ya ukuta wa bwawa eti picha ipendeze, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo.