Jinsi ya kupima kiasi ambacho watoto wanajishughulisha kimwili, na kukiongeza

Kwa miaka mingi nilipima kipindi cha michezo kwa jasho. Watoto wakitoka uwanjani wanahema, niliandika kwamba kipindi kimefana. Halafu siku moja nikaamua kumfuata kwa macho mtoto mmoja tu, kwa dakika nne. Alikuwa msichana mtulivu aliyepangwa pembeni mwa uwanja. Alisimama akisubiri mpira, akapiga hatua mbili, akakunja mkono wa sweta, akasimama tena. Nilimtazama mara 12, na mara 9 alikuwa amesimama. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nawaangalia wanaokimbia tu.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu, kocha au mlezi anayetaka kujua ukweli kabla ya kubadilisha chochote.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate, kwa wastani wa wiki, dakika 60 kila siku za kujishughulisha kwa nguvu ya kiasi hadi kali. Angalau siku 3 kati ya hizo ziwe na mazoezi makali, pamoja na yale yanayoimarisha misuli na mifupa: kuruka, kupanda, kuning'inia. Watoto wa miaka 3 na 4 wanatakiwa wawe katika mwendo kwa dakika 180 kwa siku, na 60 kati yake ziwe za nguvu ya kiasi hadi kali.

Utaijuaje nguvu ya kiasi? Sikiliza pumzi. Mtoto anaweza kuzungumza lakini kuimba kunamshinda. Ikiwa kali, anasema maneno machache kisha anavuta pumzi.

Dakika hizo si lazima zifuatane, na kwa mtoto mdogo haziwezi kufuatana. Mwaka 1995 watafiti waliwatazama watoto wadogo wakicheza kwa hiari yao, wakakuta kwamba nusu ya vipindi vyao vya nguvu kali havikuzidi sekunde 3. Mtoto anachomoka, anasimama, anachuchumaa, anachomoka tena. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini vipimo vingi vilivyobuniwa kwa ajili ya watu wazima humkosa mtoto.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kulingana na umri

Kwa vijana, swali moja linatosha kuanzia: katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulijishughulisha kimwili kwa jumla ya dakika 60 au zaidi? Toa mifano kwanza, ukitaja pia kutembea kwenda shule, kucheza dansi na kazi za nyumbani zinazotoa jasho, maana wengi hudhani unauliza habari za mpira tu.

Mtoto aliye chini ya miaka 10 usimuulize swali hilo. Si kwamba anadanganya. Zile sekunde tatu tatu hazikai kichwani mwake kama jumla ya dakika. Mtazame, au mvalishe kifaa.

Hatua ya 3: Mtazame mtoto mmoja mmoja

Hapa ndipo ninapokuomba uweke nguvu zako, kwa sababu unahitaji karatasi, kalamu na saa yenye sekunde tu.

Kabla ya kipindi, chagua watoto wanne kwa kura. Usichague kwa macho, kwani macho huwapenda wenye kasi. Mtazame wa kwanza kwa sekunde 10. Sekunde ya 10 ikifika, angalia yuko katika hali gani, kisha tumia sekunde 10 zinazofuata kuandika namba: 1 amelala, 2 amekaa, 3 amesimama, 4 anatembea, 5 anatumia nguvu zaidi ya kutembea. Endelea hivyo kwa dakika nne, upate namba 12. Hamia kwa wa pili, wa tatu, wa nne, halafu rudi kwa wa kwanza hadi kipindi kiishe. Ni vigumu kufundisha huku ukifanya haya, kwa hiyo mwombe mwenzako aandike.

Mwisho hesabu namba 4 na 5, ugawanye kwa jumla ya namba zote. Mtoto mwenye 3 kati ya 12 amejishughulisha kwa robo ya muda. Lengo ambalo walimu wengi wa michezo hujiwekea ni nusu ya kipindi au zaidi. Pembeni andika pia kilichokuwa kikiendelea: maelezo, foleni, mchezo. Safu hiyo ndiyo itakayokuonyesha dakika zinavujia wapi. Kwangu zilivujia kwenye foleni na kwenye maelezo yangu marefu.

Hatua ya 4: Ukipata vifaa

Kihesabu hatua huvaliwa kiunoni, kwenye mstari unaopanda wima kutoka katikati ya goti. Kijaribu kwanza: tembea hatua 100 huku ukihesabu. Kikikosea kwa zaidi ya hatua 5, kiweke kando. Mtoto akivae walau saa 10 kwa siku, kwa siku 4 au zaidi, mojawapo iwe ya wikendi. Siku ya kwanza usiihesabu, maana watoto hukimbia zaidi kwa furaha ya kifaa, na wengine hukitikisa kwa mkono. Takribani hatua 12,000 kwa siku zinalingana na zile dakika 60. Kumbuka kwamba kifaa hakioni baiskeli, kuogelea wala kubeba mzigo.

Ukitumia akselerometa, yaani kifaa kidogo kinachovaliwa kurekodi nguvu ya mwendo wa mwili, kipange kirekodi kila sekunde 15 au chini yake. Ukirekodi kwa dakika nzima, mchomoko wa sekunde 3 unamezwa na sekunde 57 za kusimama.

Omba ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na usibandike majina na hatua ukutani. Nimeona mtoto akikataa kurudi uwanjani kwa sababu ya orodha ya namna hiyo.

Hatua ya 5: Badilisha mchezo, usimlaumu mtoto

Ondoa michezo ya "ukiguswa umetoka". Anayetoka wa kwanza mara nyingi ndiye aliyehitaji kukimbia zaidi, na sasa amekaa. Aliyeguswa aruke mara tano kisha arudi, au asimame miguu ikiwa imepanuliwa hadi mwenzake apite chini yake amkomboe.

Watoto 20 na mpira mmoja ni watoto 15 wanaotazama. Gawa timu za wanne kwa wanne, hata kama mipira mingine ni ya matambara. Eleza kwa sekunde 30, waache wacheze, kisha rekebisha wakiwa ndani ya mchezo.

Usitumie kukimbia kama adhabu. Ukifanya hivyo unamfundisha mtoto kuuchukia mwili unapohema.

Kisha waangalie wasichana. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146, zilizotokana na madodoso ya vijana wa shule wa miaka 11 hadi 17, zilionyesha kwamba 81% hawakufikia kiwango kilichopendekezwa: wavulana 78%, wasichana 85%. Waulize wenyewe wanataka nini, tena faraghani. Nilipouliza, hawakutaja uvivu. Walitaja nguo, kuchekwa, na wavulana kuteka uwanja wote. Niliwatengea nusu ya uwanja wakati wa mapumziko, na haikunigharimu kitu.

Hatua ya 6: Pima tena

Baada ya wiki sita hadi nane, rudia kipimo kilekile, saa ileile ya siku, katika hali ya hewa inayofanana. Piga kura upya kupata watoto wanne, na mtazame pia yule uliyemkuta amesimama mara ya kwanza. Yule msichana wa sweta nilimhesabu tena baada ya kugawa timu ndogo. Kati ya namba 12, saba zilikuwa 4 na 5, na sweta lilikuwa limetundikwa kwenye uzio.