Kabla ya kumlipa mtafuta maji wa waya

Fundi wa kutafuta maji kaja na zile nyaya mbili za shaba, anazodai hupishana palipo na maji chini ya ardhi? Mwache atembee, na kila zinapopishana mwaga majivu kidogo kama alama. Kisha mfunge macho kwa kitambaa kizito, mzungushe mara mbili tatu, mshike bega apite tena. Zikipishana kwingine kabisa, pesa ibaki mfukoni. Mara nyingi wala si tapeli: kiganja kikiinama kidogo tu bila yeye kujua, waya unageuka. Akikutajia visima alivyopatia, kumbuka sehemu nyingi ukichimba vya kutosha maji utayakuta tu. Bora uanze kwa kuuliza kina cha visima vya majirani. Hilo halina malipo.