Somo: Kupima mzigo wa kazi kasualti (idara ya dharura hospitalini) wakati wa janga, bila kudanganywa na idadi ya wagonjwa

Ripoti ya mwezi ya fomu 717 ya Wizara ya Afya inakuambia wagonjwa walikuja wangapi. Kwa mwezi wa kawaida si haba. Lakini chukua za Aprili na Mei 2020, baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kutangazwa tarehe 13 Machi na kafyu kuanza tarehe 27: hospitali nyingi zinaonekana kama zilikuwa likizo. Waulize manesi waliokuwa zamu miezi hiyo, watakucheka. Wagonjwa walipungua, kazi haikupungua.

Somo hili ni la karani wa rekodi, nesi in-chaji au klinikal ofisa wa huku kwetu, kuanzia Busia na Kisumu hadi Nakuru, anayetaka kuonyesha jambo hilo kwa hesabu. Malalamiko kaunti imeyazoea. Unahitaji daftari, rula, saa ya ukutani na kikokotoo cha simu.

Hatua ya kwanza: amua kasualti inaanzia wapi. Wakati wa korona mahema yalisimamishwa getini, watu wakapimwa joto na kuulizwa maswali kabla ya kuingia. Anayehesabu kuanzia mlangoni humwacha nje nesi wa hemani pamoja na kazi yake yote. Chagua mpaka, uandike ukurasa wa kwanza wa daftari, usiuhamishe katikati ya mwezi.

Hatua ya pili: nyakati. Piga safu kwa rula: saa ya kufika, saa ya kupewa rangi ya ukali wa hali yake kwenye triaji (mahali pa kupanga nani aanze kuonwa), saa ya kuonwa na daktari au klinikal ofisa, saa uamuzi wa kulazwa ulipotolewa (kama upo), saa ya kuondoka.

Hapa ndipo data nyingi huharibikia. Nesi wa asubuhi anaandika "saa 3" akimaanisha asubuhi saa tatu. Mwenzake wa mchana anaandika "3" akimaanisha saa tisa alasiri, kwa kuwa amesoma simu. Mwisho wa wiki una mgonjwa aliyeondoka kabla hajafika. Andikeni kwa mfumo wa saa 24 peke yake, 09:00 au 15:00, na wote wasome saa moja ile ya ukutani.

Hatua ya tatu: zidisha wanaofika kwa muda wanaokaa. Kanuni hii ilithibitishwa na John Little mwaka 1961, na inafaa benki na stendi ya matatu sawasawa na kasualti: wastani wa watu waliomo ndani ni wanaofika kwa saa mara saa anazokaa kila mmoja. Chukua mfano wa kubuni. Kabla ya janga wanafika 192 kwa siku, yaani 8 kwa saa, kila mmoja anakaa saa 3. Waliomo ndani ni 24. Janga likaja, wanaofika wakashuka hadi 96, yaani 4 kwa saa. Lakini sasa kila mmoja anakaa saa 5, maana anangoja majibu ya kipimo, anangoja kitanda cha kutengwa, na nesi anavaa na kuvua gauni kati ya mgonjwa na mgonjwa. Waliomo ndani ni 20. Nusu ya wagonjwa wametoweka getini, ila ukitazama vitanda na mabenchi wamepungua wanne tu.

Hatua ya nne: rangi. Tupange wagonjwa kwa mfumo wa Afrika Kusini: nyekundu anahudumiwa papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani ndani ya saa nne. Wape uzito wa 4, 3, 2 na 1. Rudi kwenye mfano wetu. Kabla ya janga: nyekundu 2, chungwa 5, manjano 8, kijani 9. Jumla ya uzito 48. Wakati wa janga: nyekundu 3, chungwa 7, manjano 6, kijani 4. Jumla 49. Mwenye kikohozi chepesi amebaki nyumbani kwa hofu, aliyekuja ni yule ambaye hakuwa na budi.

Hatua ya tano: mikono na vitanda vilivyopo kweli. Kuna kipimo kiitwacho EDWIN, kilichotungwa Marekani. Kinagawanya jumla ya uzito kwa idadi ya madaktari mara vitanda vilivyo huru, yaani vitanda vyote ukitoa vilivyokaliwa na waliokwisha kupewa ruhusa ya kulazwa ila wodi haijawapokea. Kwetu hesabu klinikal ofisa pia, maana ndiye anayetibu.

Kabla: vitanda 12, vinne vimekaliwa na wanaongoja wodi, vinabaki 8. Watabibu 3. Gawa 48 kwa 24, unapata 2. Wakati wa janga vitanda vimeachanishwa vikabaki 9, wanne bado wanangoja wodi, vimebaki 5. Mtabibu mmoja yuko karantini, wamebaki 2. Gawa 49 kwa 10: 4.9. Getini wagonjwa nusu, ndani mzigo zaidi ya maradufu. Mstari huu ndio wa kupeleka kwenye mkutano wa bajeti.

Tahadhari: wenye kipimo husema chini ya 1.5 ni kazi ya kawaida, zaidi ya 2 ni msongamano. Wao walitumia ngazi tano za ukali, sisi rangi nne. Usiiazime mipaka yao. Pima miezi miwili mitatu, uone namba yenu inasimama wapi siku ambayo kila mtu anakubali ilikuwa mbaya.

Hatua ya sita: linganisha kwa haki. Juni 2021 pambanisha na Juni 2019, si na Mei 2021. Kisha weka alama kwenye kalenda: mgomo wa manesi na maklinikal ofisa ulioanza Desemba 2020, na agizo la Juni 2021 lililoziweka kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi kwenye kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Grafu ikishuka mwezi wa mgomo, hiyo haina uhusiano na virusi.

MASWALI YA WANACHAMA

Nesi, Kakamega: Mwalimu, wale wanaongoja wodi umewatoa kwenye vitanda, lakini ni sisi tunaowapa dawa na kuwageuza usiku kucha. Kazi yetu iko wapi kwenye hiyo 4.9?

Haipo, dada, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kipimo hiki: kilitazama daktari. Fungueni ukurasa wa manesi peke yake. Kila mwisho wa zamu andikeni wanaongoja wodi ni wangapi, wamekaa saa ngapi, na wangapi wako kwenye oksijeni. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anamaliza lita 600 kwa saa, kwa hiyo mtungi mkubwa wa lita 6,800 haufiki saa 12. Kila mtungi unaobadilishwa unaondoa mtu kitandani mwa mgonjwa mwingine. Hesabuni mitungi.

Karani wa rekodi, Nakuru: Nitumie wastani wa muda wa kukaa? Kuna mmoja alikaa saa 32.

Kwa hatua ya tatu, ndiyo, wastani, maana huyo wa saa 32 alikalia kitanda kweli. Ukitaka kueleza mgonjwa wa kawaida alingoja kiasi gani, tumia namba ya katikati. Watu watano wakikaa saa 1, 2, 2, 3 na 32, wastani ni 8, namba ya katikati ni 2. Andika zote mbili.

Klinikal ofisa, Siaya: Na aliyeletwa akiwa amefariki? Rangi ya bluu haina uzito kwako.

Mweke safu yake. Matibabu hakuna, lakini kuna familia, polisi, mfuko na kusafisha chumba. Pimeni muda huo kwa visa vichache mpate kadirio lenu. Na aliyechoka kungoja akaenda zake msimfute rejistani. Andikeni "ameondoka" na saa mlipogundua.

Nesi in-chaji, Busia: Kaka, kuhesabu kila saa hatuwezi. Tuko wawili usiku.

Msihesabu kila saa. 08:00, 12:00, 16:00, 20:00 na mara moja usiku, 02:00. Kukiwa na kafyu ya saa moja jioni ongezeni 18:00, maana mtu anayeogopa barabara hujitahidi kufika kabla ya saa hiyo. Usiku mkizidiwa, acheni nafasi wazi na mwandike "tumezidiwa". Msiijaze asubuhi kwa kukisia. Nafasi hizo nazo nitazihesabu.