Asilimia 100 si pembe: wenzo wa pangaboi kwenye simuleta na kwenye ndege halisi

Wanaoanza kurusha ndege vita za zamani kwenye simuleta huniuliza swali lilelile: skrini ikiandika pangaboi (mapanga yanayozunguka mbele ya ndege) 100%, mapanga yamegeuzwa kwa pembe kubwa au ndogo? Mara nyingi asilimia hiyo haihesabu pembe hata kidogo. Ni mizunguko ya injini unayoiomba.

Hatua ya 1: Jua unachoagiza. Pembe ndogo ni kama gia ya kwanza: injini inazunguka haraka, ndege inavuta vizuri ikiwa bado na mwendo mdogo. Pembe kubwa ni gia ya juu. Spitfire za mwanzo, ndege vita za Kiingereza, zilikuwa na pangaboi la mbao la mapanga mawili, pembe haibadiliki. Baadaye likaja la nafasi mbili za pembe, na katikati ya 1940 zikafungwa lenye gavana, kifaa kinachobadili pembe chenyewe. Cessna 206 ninayorusha nayo ina gavana. Nikiagiza mizunguko 2,500 kwa dakika, gavana hutumia presha ya oili kuongeza au kupunguza pembe ili 2,500 ibaki palepale, nipande au nishuke.

Hatua ya 2: Ipime ndege yako. Panda hadi mita 2,000, ruka sawasawa, usiguse throto (wenzo wa nguvu ya injini). Vuta wenzo wa pangaboi kidogo, subiri mizunguko itulie, kisha inamisha pua. Mizunguko ikibaki ilipo, gavana ipo. Ikipanda pamoja na mwendo, gavana ni wewe.

Tafadhali usipime ardhini injini ikizunguka polepole, throto ikiwa imefungwa. Hapo mapanga yameshagota kwenye pembe ndogo kabisa na gavana haina pa kwenda. Utadhani joistiki imekufa.

Hatua ya 3: Bf 109 E, ndege vita ya Kijerumani, ya kubadili pembe kwa mkono. Hapa swichi inaendesha mota ya umeme inayogeuza mapanga moja kwa moja. Kipimo chake kinafanana na uso wa saa: mshale kwenye 12 ni wa kupaa kutoka ardhini, ukirudi kuelekea 11 na 10, pembe inakua. Ongeza pembe kabla ya kupiga mbizi. Ukisubiri mpaka injini ipige kelele umechelewa, kwa sababu mota ni ya polepole.

Hatua ya 4: Fuata mpangilio. Ukiongeza nguvu, pangaboi kwanza, throto baadaye. Ukipunguza, throto kwanza. Chukua P-51D, ndege vita ya Kimarekani: inapaa kutoka ardhini kwa inchi 61 (presha ya hewa inayoingia kwenye injini, kwa inchi za zebaki) na mizunguko 3,000, na nguvu ya kuendelea nayo haizidi inchi 46 na 2,700. Basi rudisha throto hadi 46, ndipo uvute pangaboi hadi 2,700. Ukigeuza mpangilio unafanya kama dereva anayepandisha lori lenye shehena mlimani kwa gia ya juu: silinda ndizo zinaumia. Simuleta nyingi zitakusamehe, na ndiyo maana tabia hii mbaya huota mizizi.

Hatua ya 5: Yasiyosikika kwenye kiti cha nyumbani. Kabla ya kuruka, navuta wenzo mara mbili tatu ili oili ya moto ifike kwenye kitovu cha pangaboi; ikiwa baridi, gavana inajibu kwa uzito. Nikikaribia kutua, nausukuma mbele wote, nikilazimika kupaa tena nguvu iwe tayari. Na injini ikizimika angani, navuta nyuma kabisa. Presha ya oili ikiwa bado ipo, mapanga yanachukua pembe kubwa, hayakingi upepo sana, na ndege inaelea mbali zaidi. Lijaribu hili kwenye simuleta ukiwa na mita 1,500 chini yako, uangalie kasi ya kushuka inavyopungua.