SOMO: Nyumba ya mzee mwenye dimensia (kumbukumbu na akili kufifia), soma kabla hujamwita fundi

Wakuu salama? Kila wiki inboksi naulizwa hili hili, nimechoka, naandika mara moja. Mimi fundi ujenzi hapa Dodoma, nilimjengea bibi yangu Nkuhungu halafu nikafanya kakituo ka wazee sita.

1. Ngazi hakuna. Mlango sentimita 90.

2. Choo akione akiwa kitandani. Mlango wake rangi kali, na kikalio kisifanane na sakafu, cheupe juu ya cheupe haoni.

3. Vyuma vya kushikia. Basi.

4. SAKAFU. Hapa nilichemka. Niliweka marumaru za kung'aa, mlangoni kwa choo nikapitisha mstari mweusi, urembo. Bibi akifika pale anasimama, anapandisha kanga kama anavuka korongo la masika, sisi tunacheka, tena tukamgombeza alipojikojolea kumbe choo alikuwa anakitaka ila mbele yake anaona maji na shimo. Siku moja akaruka, akavunjika nyonga. Nikabomoa zote. Sakafu iwe rangi moja mpaka chooni, isiyong'aa, na MKEKA MWEUSI MLANGONI TOA, nao ni shimo.

5. Geti kwa ndani paka rangi ya ukuta, halitamvuta kutoka nje. Uani njia ya kuzunguka inayomrudisha alikoanzia, kivuli cha mwarobaini, benchi.

6. Vioo funika, wengine wanaona mgeni kaingia.

MASWALI

Mdau wa Ipagala: Kwani nisimfungie tu chumbani kwa nje?
— Moto ukiwaka? Hapana.

Mdau wa Ipagala: Sawa, mlango wa choo rangi gani?
— Namba 2. Soma.

Binti Mpwapwa: Shikamoo fundi. Babu mchana mtulivu, jua likizama anafunga mzigo anataka kwao Mpwapwa na tunaishi Mpwapwa hiyo hiyo.
— Marahaba binti, swali zuri. Jioni ndo huwa inawachanganya. Washa taa kabla giza halijaingia na shusha pazia mapema, kioo cha dirisha usiku kinageuka kioo cha kujitazama. Usibishane naye, mshike mkono mzunguke uani umuulize habari za kwao, kwa Kigogo kama ndo alichokulia, lugha ya utotoni mara nyingi huchelewa kupotea. Uholanzi, mji wa Weesp, wana De Hogeweyk tangu 2009, kijiji kizima cha wagonjwa hawa, kina duka na mitaa, mzee anatembea atakavyo ndani ya uzio. Wewe uani kwako panatosha.

Binti Mpwapwa: Asante sana. Uzio wetu minyaa.
— Ing'oe upande anaoshika, utomvu ukiingia machoni ni balaa. Na chooni weka taa ndogo ya sola, LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku atapotea.

Mama Kisasa: Saruji nyekundu inafaa?
— Inafaa mama, ila mwambie dada aache kuipaka nta, iking'aa tu tumerudi korongoni.