Kabla hujaenda fildi au muhula wa Erasmus katika nchi nyingine ya Ulaya

Naandika kwa vijana wetu ambao tayari wako Ulaya. Yupo aliyesajiliwa chuo kikuu Poland, Ufaransa au Ujerumani, na yupo wa Ausbildung, yule anayelipwa na mwajiri huku akihudhuria shule ya ufundi. Tangu Kenya na Ujerumani zisaini mkataba wa uhamiaji Septemba 2024, maswali ninayoulizwa yanatoka zaidi kwa hawa wa pili, na wengi wao hawajui hata kwamba safari hizi zinawahusu. Zinawahusu. Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaochangia gharama za kusoma au kufanya mafunzo katika nchi nyingine, inatazama umesajiliwa shule gani, haitazami pasipoti. Mtanzania anayesoma Leipzig ana haki ya kuomba nafasi ya Lisbon sawa na Mjerumani anayekaa naye dawati moja. Usawa huo lakini unaishia kwenye fomu. Mkifika kwenye kibali na bima, kila mtu anabeba mzigo wake.

Anza na muda. Wa chuo kikuu anaruhusiwa miezi 2 hadi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Wa ufundi ana safari fupi ya siku 10 hadi 89, au ndefu ya siku 90 hadi 365. Aliye kwenye Ausbildung Ujerumani, sheria inamruhusu kufanya nje hadi robo ya mafunzo yake yote, na safari hiyo inahesabika kama sehemu ya mafunzo, kwa hiyo mwajiri anaendelea kumlipa. Ikizidi wiki 8, lazima uwepo mpango uliokubaliwa na chemba, yaani chombo kinachosimamia fani yake. Usisubiri mwajiri akwambie haya. Waajiri wengine hawayajui, na wengine wanayajua sana ndiyo maana wako kimya.

Kibali cha ukaazi. Kichukue sasa hivi usome tarehe ya mwisho. Kikikaribia kuisha, hakikisha kimeongezwa kabla hujaondoka, maana kukiongeza ukiwa nje ni kutafuta maradhi. Ukiwa na kibali cha Ujerumani na ukakaa nje zaidi ya miezi sita bila ofisi ya wageni kukuongezea muda huo, kwa kawaida kibali kinakufa chenyewe. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu kuna agizo la Umoja wa Ulaya la 2016 linalomruhusu kusoma katika nchi ya pili hadi siku 360 akiwa ndani ya mpango wa kubadilishana, ila nchi nyingine zinataka zipewe taarifa mapema, na Denmark na Ireland hazimo kabisa kwenye agizo hilo. Wa Ausbildung hana haki hiyo. Yeye anategemea zile siku 90 ndani ya siku 180 za Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na siku hizo zinakupa ruhusa ya kuwepo, hazikupi ruhusa ya kufanya kazi. Je, fildi yako inahesabiwa kuwa kazi? Jibu liko kwenye sheria ya nchi unayokwenda. Uliza ubalozi wao kwa barua pepe, upate jibu la maandishi, ulichapishe. Jibu la "rafiki yangu alienda na hakuulizwa kitu" usiliweke kwenye begi.

Bima. Aliye kwenye bima ya umma ya Ujerumani ageuze kadi yake aangalie nyuma: ile ndiyo kadi ya bima ya Ulaya. Ukikuta nyota nyota mahali pa jina na namba, haifanyi kazi nje. Na hata ikiwa imejazwa vizuri, sisi tusio raia wa Umoja wa Ulaya hatuwezi kuitumia kutibiwa Denmark, Norway, Iceland, Liechtenstein wala Uswisi. Mjerumani wa darasani kwenu atakwambia "kadi inatosha", na kwake ni kweli. Wewe nunua ya safari. Kadi hiyo pia hailipii kukurudisha nyumbani ukiugua sana, na hailipi ukivunja mashine ya watu, kwa hiyo anayekwenda fildi aulize nani anabeba bima ya ajali kazini na bima ya madhara kwa wengine.

Fedha: ruzuku si bumu la kuishi nalo lote. Ni ya kuchangia gharama, na mara nyingi kipande chake kinashikiliwa mpaka ujaze ripoti ya mwisho. Ada ya chuo unachokwenda hulipi. Weka akiba ya kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti.

Nyumba: usitume dipoziti kwa mtu ambaye hujaona nyumba yake hata kwa video. Basi.

Lugha. Anayekwenda Barcelona aulize masomo yanafundishwa kwa Kikastilia, yaani Kihispania chenyewe, au Kikatalani, kwa sababu mengi ni Kikatalani na Kihispania ulichojifunza kwa simu kitakuacha mlangoni. Ubelgiji vivyo hivyo, uliza ni upande wa Kifaransa au wa Kiholanzi. Mafunzo ya lugha ya mtandaoni ya Erasmus ni bure, yaanze mapema.

Sasa tufike kwenye karatasi ambayo wengi wanaisaini wakiwa wamesimama. Kwa wa chuo inaitwa mkataba wa masomo, kwa wa ufundi ni mkataba wa mafunzo. Inasainiwa na pande tatu: wewe, shule inayokutuma, na chuo au kampuni inayokupokea. Mwaka 2006 Bunge la Ulaya na Baraza la Umoja wa Ulaya walipitisha hati ya ubora wa safari hizi yenye kanuni kumi, na mpango wa mafunzo ni mojawapo, pamoja na maandalizi ya lugha, mlezi wa kukusimamia kule, na utambuzi wa ulichosoma ukirudi. Hati nzuri sana, ila ni pendekezo. Hakuna anayepigwa faini kwa kuipuuza. Mwenye kuipa meno ni wewe, na meno yenyewe ni maneno yanayoandikwa kwenye ile karatasi.

Kuna binti wa Kilifi aliyekuwa akisomea upishi kwenye hoteli moja kusini mwa Ujerumani, mwaka wa mwisho. Shule ikampatia nafasi ya wiki sita kwenye hoteli ya pwani, nchi ya kusini, mwezi wa Agosti. Kila mtu akampongeza, picha zikapostiwa. Mpango wake wa mafunzo ulikuwa na sentensi moja: atafahamiana na mapishi ya Mediterania. Niliisoma baadaye nikatafuta ukurasa wa pili. Haukuwepo.

Alipofika, mpishi mkuu alikuwa hana habari naye. Mtu aliyeandikwa kama msimamizi wake alishaacha kazi. Agosti hoteli ya pwani imejaa hadi kwenye ngazi, wafanyakazi hawatoshi, na ukiingia jikoni na mikono miwili mizima hakuna anayekuuliza umekuja kujifunza nini. Akapewa aproni akapelekwa jiko la baridi kumenya kamba na kuosha saladi. Mchana saladi, jioni sufuria. Kwenye moto hakufika. Alipomwonyesha mpishi ile karatasi, yule bwana aliisoma, akamwonyesha beseni la kamba, akamwambia: hii si Mediterania?

Hapo hakuna aliyekosea kisheria, ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kufahamiana kumefanyika. Kamba ni wa bahari hiyo hiyo. Akampigia mratibu wa shule yake Ujerumani, akakuta Agosti ni likizo na ujumbe wa kujiendesha unamtakia majira mema ya joto.

Kibaya zaidi kilikuja aliporudi. Wa Ausbildung Ujerumani ana daftari la mafunzo, Berichtsheft, ambalo anaandika alichofanya na msimamizi anasaini, na bila hilo huruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Safari ya nje haikuondolei wajibu huo. Yeye aliandika ukweli: kamba, saladi, sufuria, wiki baada ya wiki, na kule hakuna aliyesaini. Bosi wake Ujerumani akafunua kurasa zile akasema wiki sita hizi alizolipa mshahara hazioni. Samaki na sosi alizopaswa kuzishika kipindi hicho akazifidia siku zake za mapumziko, na mtihani wa vitendo ukiwa unakaribia. Alifaulu, tumshukuru Mungu. Ila ukimtajia Erasmus anabadilisha mazungumzo.

Mlinganishe na kijana wa Moshi, fundi wa magari, aliyekwenda karakana ndogo Austria bila bahari wala picha. Karatasi yake ilisomeka hivi: wiki ya kwanza, kupima mfumo wa breki kwa kompyuta na kueleza makosa yanayosomeka, wiki ya pili, kushusha na kufungua giaboksi chini ya uangalizi, na kuendelea, kila wiki ikiwa na jina la fundi anayemsimamia na la mbadala wake. Siku walipotaka kumfanya mtu wa kuosha magari, alikunja karatasi ikabaki ile mistari ya wiki hiyo, akamwekea bosi mezani bila kusema neno. Alirudi na hati ya Europass inayoonyesha ujuzi alioupata kule, imejazwa na pande zote mbili, na mwajiri wake hakuwa na la kuuliza.

Kwa hiyo usisaini mpaka uone haya. Vitenzi vya mikono: kupika, kupima, kufungua, kuandaa hesabu, kumhudumia mgonjwa. Ukiona "kufahamiana", "kushuhudia" au "kusaidia inapohitajika", rudisha. Jina la msimamizi na jina la wa pili akiondoka wa kwanza. Nani atasaini daftari lako, na kwa lugha gani, kwa sababu saini chini ya Kireno ambacho bosi wako hasomi itakuletea mjadala mwingine. Namba ya mtu wa shule yako atakayepokea simu katika tarehe hizo hizo za safari, siyo namba ya ofisi. Na ukipewa kuchagua msimu, kwa fani za hoteli kimbia Julai na Agosti. Nenda Mei au Oktoba, mpishi akiwa na nafasi ya kukushika mkono.

Mambo yakienda kombo, andika ndani ya wiki ya kwanza. Barua pepe moja kwa pande zote mbili, tarehe, ulichoahidiwa, ulichopewa. Vijana wetu tuna adabu ya kuvumilia, "ngoja niwazoee kwanza", na ukishawazoea safari imekwisha.

Wa chuo kikuu nao wasijione wamepona. Kwao ugonjwa ni somo lililo kwenye mkataba ambalo wakifika linakuwa halifundishwi muhula huo. Wanachukua jingine, profesa wa nyumbani anasema "hakuna shida" kwenye korido, na mwaka unaofuata korido haina kumbukumbu. Badiliko lolote liingie kwenye mkataba kwa saini tatu kama mwanzo. Hesabu krediti zako pia: mwaka mzima ni 60, muhula ni 30, ukirudi na 18 utajua mwenyewe za kufidia utazitoa wapi. Angalia kalenda. Muhula wa baridi wa Ujerumani unaanza Oktoba na mitihani yake inaingia Februari, wakati vyuo vingi vya nchi nyingine vimeanza Septemba. Anayekwenda muhula wa pili anaweza kujikuta anatakiwa darasani huku mitihani ya kule atokako haijaisha.

Alama nazo uliza zitageuzwaje, kabla. Ujerumani 1 ndiyo ya juu na 4 ndiyo ya kuponea. Italia wanahesabu hadi 30 na kufaulu ni 18. Ufaransa ni kati ya 20, na aliyepewa 14 amesifiwa. Ukiacha karani abuni hesabu yake, hiyo 14 inaweza kufika nyumbani ikiwa imevaa nguo za mtu aliyepita kwa shida.

Mengine ni ya kawaida. Piga picha kila karatasi yenye saini uitume kwenye barua pepe yako kabla hujatoka chumbani. Usirudi bila orodha ya matokeo au angalau tarehe ya kutumwa. Namba ya dharura ni 112 nchi zote za Umoja wa Ulaya. Pasipoti haiachwi kwa mwajiri hata siku moja, hata akisema ni ya kunakili tu. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unakaa mtaa gani. Chukua koti, hata kama unakwenda kusini, hasa Januari, nyumba zao nyingi hazina joto la maana. Na mtu akikuomba elfu moja ya yuro akuunganishe na nafasi ya Erasmus, mwache hapo hapo aliposimama, nafasi hizi zinatolewa na shule yako.